Aliyepima Tairi Ndiye Anayepanda

Siku yangu ya kwanza karakanani sikupewa spana. Nilipewa ufagio, nami nilichukia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kipya, lakini Fomeni wa karakana ile ya Singida mjini hakukitazama. Alitaka sakafu ifagiliwe. Nilipomaliza, akaingiza gari juu ya sakafu ile ile, akavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akaniita.

"Binti, ukipima tairi juu ya changarawe, unapima changarawe. Umeelewa sasa kwa nini umefagia?"

"Nimeelewa, mzee."

"Basi acha kununa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya alaimenti, yaani kuhakikisha tairi zinatazama zinakopaswa kutazama. Tairi za mbele zikiangaliana kupita kiasi, au zikipeana mgongo, gari linavuta upande, mpira unalika ukingoni, na dereva anashinda akipigana na usukani. Siku hizi kuna mashine za kupimia, wala sizidharau, maana zimeuokoa mgongo wangu. Ila mashine itakuambia tairi limekaaje leo. Ya kesho, baada ya makorongo ya Itigi, utajijua mwenyewe.

Fomeni alikuwa na sheria moja: aliyepima tairi ndiye anayepanda. Gari likitoka mikononi mwako, safari yake ya kwanza unakaa pale mbele karibu na dereva, uende nalo litakakokwenda. Harusi ya mdogo wangu ilinikuta Mkalama, ndani ya lori la maji. Mama alininunia mwezi mzima.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya serikali ya Manyoni, na huko sheria hiyo haikuwepo. Ofisa Usafirishaji aliniambia waziwazi kwamba mafundi ni wachache, na fundi akiondoka karakana inabaki na nani? Nikarudi kwenye kazi yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni mwenyewe asianze kupanga viti.

Hapo ndipo nilipomjua Mzee Saidi, dereva wa gari la chanjo la Rungwa. Yeye aliniita Bibi Uzi, nami nikimwambia anaendesha kama anayeswaga mbuzi. Gari lake lilikuwa pikapu iliyonyanyuliwa. Mvua zikishika, mbuga inakuwa tope jeusi linalomeza gari la kawaida, kwa hiyo lile lilifungwa springi ndefu, shokapu ndefu na tairi kubwa. Likalishinda tope. Ila likaanza kuvuta kushoto. Nikalipima, nikalinyoosha, likaenda Rungwa, likarudi linavuta tena. Ikawa ndiyo desturi yake, hadi siku lilipoacha barabara na kuingia kichakani likiwa na nesi na masanduku ya chanjo. Hakuna aliyeumia, lakini maneno yalianza.

Ofisa aliniita. Alikuwa mtu wa haki, na alionekana hakulala vizuri.

"Fundi, lile gari lilitoka hapa likiwa sawa?"

"Lilikuwa sawa, bosi."

"Basi ni mikono ya Mzee Saidi. Imechoka. Nitamtoa kwenye udereva, akakae getini. Namhurumia, lakini siwezi kuweka roho za watu rehani."

Moyo uliniuma. Mzee Saidi aliipenda barabara ile kuliko watu wengine wanavyopenda nyumba zao, na getini angekauka. Nikaomba jambo moja tu, nipande naye safari inayofuata. Ofisa alifikiri, kisha akakubali.

Asubuhi ya safari nilipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe kwenye bolti zinazoshika amu za mbele. Amu ni chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi. Bolti zake zina washa, kile kibati kinachokaa chini ya nati, yenye umbo la yai, na ukizungusha yai hilo, amu husogea nje au ndani. Ndivyo tairi linavyonyooshwa. Mstari wangu ulianzia kwenye yai ukaishia kwenye chasisi, ili likizunguka hata kidogo, mstari ukatike.

Mzee Saidi hakunitania siku hiyo. "Nasikia geti linanisubiri," alisema.

"Wewe endesha, mzee wangu."

Tulipopita Itigi, mahali palipo sawa, akainua viganja juu ya usukani kama anayepokea dua. Gari likaenda moja kwa moja. Mbele kidogo tukapiga korongo kwa kishindo. Alipoinua tena viganja, gari likaanza kuelekea kichakani kushoto. Akalirudisha haraka na kusimama. Nikaingia chini ya gari, na mstari wa upande wa kushoto ulikuwa umekatika. Nilicheka peke yangu huko chini mpaka nesi akauliza kama nimeumia.

Kumbe lile gari, baada ya kunyanyuliwa, lilihitaji yai lizungushwe karibu na mwisho wake ndipo tairi linyooke. Tairi kubwa nalo likipigwa na korongo linavuta kwa nguvu kuliko dogo, na kilichokuwa kinazuia yai lisizunguke ni kukazwa kwa nati tu. Nilimpigia simu Fomeni wangu wa zamani, aliyekuwa amestaafu. "Kitu kikipewa nafasi ya kuzunguka kitazunguka," alisema. "Kinyime nafasi."

Tuliporudi karakanani tukayatoa mayai yote. Nilipima gari, nikakata vibati vinene vyenye tundu moja mahali pale pale pa kipimo, tukavichomelea kwenye chasisi. Nati tulizikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, maana ukikaza likining'inia kwenye jeki, bushi za mpira hujisokota na kupasuka. Ofisa alilala chini na shati lake jeupe, akatazama kila kitu.

Safari iliyofuata alipanda pamoja nasi. Tulipiga korongo lile lile. Mzee Saidi akainua viganja, akaviacha hewani, na gari likanyooka kama reli. Ofisa akashika mlango.

"Mzee, shika usukani."

"Naipumzisha, bosi. Si ulisema imechoka?"

Ofisa alicheka hadi machozi, akamwomba radhi palepale. Mzee Saidi aliendesha gari lile mpaka muda wake halali wa kustaafu, na sheria ya Fomeni ikaanza kufuatwa Manyoni.

Nami nimestaafu. Siku ya mwisho walinipa gari linirudishe nyumbani Kilimatinde, pikapu mpya, nayo imenyanyuliwa. Nilipofungua mlango wa mbele nikamkuta Neema, fundi niliyemfundisha, ameshakaa.

"Shikamoo mama. Samahani, kiti hiki ni changu. Nimepima mimi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikapanda kiti cha nyuma, nikiwa sina uzi mfukoni. Katika kazi yangu yote sikuwahi kusinzia ndani ya gari lililonyanyuliwa. Siku hiyo nililala, na waliniamsha tukiwa tumeshapanda kilima, mlangoni kwangu.