Semeni hasemi: mtoto wa dada yangu aliyekuwa akiruka herufi

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Nimesoma uzi wa yule ndugu ambaye mwanawe yuko darasa la kwanza na kusoma bado kunamshinda. Nimesoma na komenti zenu. "Mchape." "Mvivu huyo." "Mnyime katuni atanyooka."

Nimeona niandike huku kwangu, maana yangu ni marefu. Chumvi sitaongeza. Wahusika wengi wameshatangulia, na maiti hasingiziwi.

Mimi shule niliikimbia darasa la nne. Nilitaka kujua reli inayopita Kilosa inaishia wapi. Nikajua, nikaendelea kutaka kujua mengine, mpaka nikazeeka. Nimekata mkonge, nimechoma mkaa, na wakati wa habari hii nilikuwa Mikumi kwenye genge la barabara, tunaponda kokoto huku tembo wakitutazama kama wasimamizi.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Kazi ikasimama kwa kukosa dizeli, nikaenda kumtembelea dada yangu Mwanaidi.

Yeye na mumewe Hamisi walikuwa wameteremshwa kutoka milimani, upande wa Mamboya, wakawekwa tambarare, Dumila kwa mbele kidogo. Nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Walishuka na kuku, vyungu, na mlango wa mninga ambao Hamisi aliung'oa kwenye nyumba ya zamani.

Makaburi hayapandi lori. Hilo lishikeni.

Binti yao aliitwa Semeni. Ni jina la marehemu mama yetu, tuliyemzika kule mlimani. Alikuwa darasa la kwanza, mtoto mchangamfu, mwenye maswali mengi kama mimi. Lakini kusoma, hakuna. Wenzake walikuwa wameshafika kwenye sentensi, yeye bado anahangaika na ba be bi bo bu.

Watoto wa mtaani walishamtungia wimbo. Akipita tu: "Semeni hasemi! Semeni hasemi!"

Mwanaidi alikuwa hapati usingizi. Yeye mwenyewe alikuwa anajifunza kisomo cha watu wazima, na alishaanza kumpita mwanawe. Aliniambia, "Kaka, mimi mtu mzima ninasoma 'kuku', mtoto niliyemzaa hawezi. Watu wananicheka."

Nikaenda kumuona mwalimu, kijana mdogo tu, ana darasa limejaa mpaka dirishani.

"Anazubaa huyo," akasema. "Anaanza vizuri, katikati anaganda. Nikimchapa anashtuka utadhani hakuwepo."

Wakuu, lisomeni tena neno hilo. Utadhani hakuwepo. Alilisema yeye, nikalisikia mimi, na wote wawili tukalipita.

Nikaamua kumfundisha mwenyewe. Karatasi hatuna, nikachukua mkaa nikaandika kwenye ule mlango, ndani ya nyumba. Semeni anasoma kwa kidole: ba, be, bi...

Kimya. Kidole kimesimama. Macho yako wazi, kope zinachezacheza. Kabla sijamaliza kushangaa, akaendelea: "bu."

"Umeruka bo," nikamwambia.

"Sijaruka, mjomba. Nimesema."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini amesema.

Tukarudia. Safari hii bo akaisema vizuri, akaruka be. Kesho yake akaruka bi. Hapo udadisi wangu ukaamka. Mtu asiyejua njia hujikwaa palepale kila siku. Huyu alikuwa anajikwaa kila siku mahali papya. Maana yake herufi zote anazijua. Kuna kitu kinakuja kumkatisha.

Nikawaambia hivyo dada na shemeji, nikijiona nimegundua jambo. Na kweli nilikuwa nimegundua. Ila tazameni lilikokwenda.

Mwanaidi alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini.

"Ni mama," akasema. "Tumemwacha peke yake kule porini. Anamwita mwenye jina lake. Mtoto anageuka kumsikiliza, ndiyo anapoteza masomo."

Hamisi akakohoa. "Tungeanza na zahanati."

"Zahanati watampa klorokwini. Kwani ana homa huyu?"

Shemeji akanigeukia mimi. "Mimi ni baba tu. Mtoto ni wa kwenu. Aseme mjomba mtu."

Kwa wasiojua mila za kwetu: mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye jambo zito mwenye kauli ni kaka wa mama. Baba anaweza kulea, kulisha na kuvisha, lakini neno la mwisho si lake. Nami niliona maneno ya dada yameingia sawasawa kwenye kile nilichokiona. Ganda la njugu na njugu yake.

Nikasema twende kaburini.

Tulipanda mlima na mtoto. Kaburi limemezwa na nyasi. Tukafyeka, tukamwaga maji ya unga, nikamwambia mama kwamba kuhama hatukupenda, amwachie mjukuu wake asome. Semeni akacheka, akauliza, "Bibi anasikia akiwa chini?"

Baada ya hapo akatulia. Alisoma mstari mzima mlangoni bila kuruka, mara moja, mara mbili. Mwanaidi akapiga vigelegele. Siku hizi najua ugonjwa ule una vipindi vya kupumzika. Wakati ule tulijua tumesikilizwa.

Nikarudi Mikumi.

Habari ikanifuata huko kwa utingo wa lori. Semeni ameangukia jikoni.

Alikuwa anachochea moto, akaganda kama kawaida yake, ila safari hii mwili ukaanza kutikisika, akaanguka na mkono wa kulia ndani ya mafiga. Nyumba ilikuwa na majirani. Wakuu, walisimama. Povu lilikuwa linamtoka, na kila mtu alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba ukimgusa mwenye kifafa akiwa hivyo, unakichukua. Mwanaidi alikuwa kisimani. Aliyemtoa ni Hamisi, yule "baba tu", aliyekuja mbio kutoka shamba la kijiji.

Nilimkuta hospitali ya Kilosa. Vidole vilikuwa vimeshikana. Mganga akamuuliza dada, "Kabla ya kuanguka alikuwa na tabia ya kuzubaa?"

Dada akanitazama mimi.

Mganga akaeleza kwamba kule kuzubaa ndiko kulikuwa kifafa chenyewe. Kipo kisichoangusha mtu. Kinampitia tu na kumwacha amesimama. Akatoa vidonge.

Na vidonge vilifanya kazi! Semeni akahamia mkono wa kushoto. Ndani ya msimu mmoja alikuwa anasoma gazeti la zamani lililofungia sukari, anamsomea mama yake. Wale watoto wakakosa cha kuimba.

Kisha ikaja miaka ya kukosa vitu. Mnaikumbuka ya sabuni na chumvi. Vidonge navyo vilikosekana. Hamisi alifika Kilosa, akafika Morogoro, akarudi mikono mitupu.

Semeni alikwenda kuoga mtoni na wenzake. Maji yalikuwa hayafiki magotini. Wenzake walidhani anazubaa.

Hatukumrudisha mlimani. Kaburi lake liko hapohapo tambarare.

Nyumba ile ilishaanguka, lakini mlango Mwanaidi aliuhamishia kwenye nyumba mpya na hakuruhusu upakwe rangi mpaka anakufa. Mkaa unafutika, ila Semeni alikuwa ameuchimba mstari wake kwa ncha ya kisu, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Ba be bi bo bu. Hakuna iliyorukwa.

Ndugu mwenye uzi, kabla hujakata fimbo, kaa na mwanao usikilize anaruka wapi. Kama ni palepale, mfundishe. Kama panahamahama, mtazame macho, halafu mpeleke hospitali. Kaburini mtafika tu, msiwahi.

Mwenye mtoto wa namna hii, au aliyekuwa hivyo mwenyewe akapona, aandike hapa chini. Na wewe uliyeandika "mchape", nawe karibu, nakusubiri kwa heshima.