Sketi Iliyokatwa Mlimani

Onorina Puntel hakuwa mtu wa mitindo. Mtu anayelala zizini na mbuzi wake miezi yote ya baridi atajulia wapi mitindo? Lakini kwetu Salvins, kijiji cha mlimani, mwaka ule wa 1920, ukitaja sketi fupi watu wote walimgeukia yeye, na Padri Galdin alishamsema altareni mara tatu bila kumtaja jina, kana kwamba hatumjui.

Fupi yenyewe sasa! Ilikomea katikati ya muundi.

Aliikata vitani. Wanaume walikuwa wamekwisha kwenda jeshini, nyumbu wa mizigo hawakuweza vijia vya kule juu kwenye mapigano, basi jeshi likaja kuwaomba wanawake. Wakafungwa mkononi vitambaa vyekundu vyenye namba, wakajaziwa matenga ya mgongoni risasi na mikate, kilo thelathini na zaidi, wakapanda. Sketi za siku zile zilifika kisiginoni. Zikilowa theluji ziliganda, pindo likawa gumu kama ubao na kuwakwaruza vifundo vya miguu mpaka damu. Siku ya tatu Onorina aliketi juu ya jiwe, akaazima kisu cha askari, akakata upana wa viganja viwili kuzunguka sketi nzima. Kesho yake wenzake wote wakakata.

Kipande cha bomu kilipompata Lussie, shoga yake, pajani, Onorina ndiye aliyetupa tenga na kumbeba mgongoni hadi bondeni.

Vita vikaisha, wanaume waliobaki wakarudi, na ghafla kila mtu akawa anatazama miguu.

"Mkwe wangu, amani imerudi," alisema mama mkwe wake, Bi Catine. "Shusha sketi."

"Nishushe nini, mama? Nguo iliyobaki ndiyo hii."

"Watu wanasema unawaiga wanawake wa Paris walio kwenye magazeti."

"Paris? Mimi nimekata mwaka wa 1915. Wao ndio wameniiga mimi!"

Mwezi wa tatu Lussie akajifungua mtoto wa kiume. Wa kwanza alikuwa amemfia kabla ya maji ya ubatizo, akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, bila msalaba, na tangu hapo Lussie alikuwa hapiti upande ule. Safari hii hakutaka kungoja. Siku ya nne tu mtoto apelekwe kanisani, na kwa kuwa mzazi hatoki nyumbani mpaka arobaini, mama wa ubatizo ndiye wa kumbeba. Alimchagua Onorina. Padri akatuma neno: Onorina aje na sketi ndefu, au asije kabisa.

Bi Catine akaleta ya kwake. "Vaa saa moja tu. Utakufa?"

Onorina aliichukua, tusimsingizie. Akaenda nayo mpaka kitandani kwa Lussie.

"Mtoto ni wako. Ukisema nivae, navaa."

Lussie aliitazama ile sketi, machozi yakamlenga. "Ukivaa hiyo, mimi nitauonea haya mguu wangu huu wenye kovu mpaka nife. Ulinibeba ulivyo. Mbebe na mwanangu ulivyo."

Padri Galdin alikuwa amesimama katikati ya mlango wa kanisa.

"Mpe mtoto mwanamke mwingine."

Kati ya wanawake waliomsindikiza, hakuna aliyesogea.

"Bi Catine, wewe umevaa kwa heshima. Mpokee."

"Mgongo unaniuma, Padri."

"Inatakiwa mikono tu!"

"Nayo inauma."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Padri akawa mwekundu mpaka masikioni. Onorina akamfunika mtoto vizuri ndani ya shali.

"Haya. Tunakwenda Tamai, kijiji cha jirani, kuna padri kule."

"Kwa theluji hii? Huwezi kupita!"

"Thubutu! Njia ile nimeipita nikiwa na mabomu mgongoni. Wewe wakati huo ulikuwa wapi, Padri?"

Akaondoka, na wanawake wote nyuma yake. Ndani yake aliogopa. Mtoto wa siku nne si mzigo wa risasi. Lakini hakupunguza mwendo.

Padri alibaki mlangoni akiwaza askofu atasema nini akisikia mtoto wa Salvins kabatizwa kwa jirani. Ndipo akawafuata mbio. Theluji ilikuwa magotini. Kanzu ikamnasa, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Mwishowe akaikusanya kanzu yote kwa mikono miwili, akaipandisha mpaka juu ya magoti, soksi nyeupe nje, akaja akihema.

"Rudi, Onorina! Rudi, nitambatiza!"

Wanawake walishikana mabega kwa kicheko. Onorina hakucheka, alikuwa bado na hasira.

"Na sketi yangu?"

"Njoo nayo hivyohivyo."

"Padri, mbona umepandisha kanzu?"

Akajitazama miguu. 

"Theluji hii... nguo ikiwa ndefu mtu hawezi kutembea."

"Sema kwa nguvu, Padri. Wa nyuma hawajasikia."

Padri Galdin akalirudia neno hilo, kwa sauti yake ileile ya altareni, na ndipo Onorina alipogeuka na mtoto kurudi kanisani.