Sufuria ya Mama Kavira

Sisi tuliosoma Goma enzi zile, tuliokuwa tukirudi nyumbani na miguu myeusi kwa vumbi la volkeno, tulijua saa ya chakula kwa pua kabla ya kengele. Sombe, yale majani ya muhogo, ikianza kuchemka jikoni, hesabu za mwalimu zilikataa kuingia kichwani. Tulicheza mpira wa matambara juu ya mawe makali, tukachunika magoti, na hakuna aliyepiga picha ya kidonda chake ili ahurumiwe.

Leo nina diploma niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu. Nimerudi, nimejenga upande wa Lac Vert, na anayepita barabara ya Sake hugeuza shingo kuitazama nyumba yangu. Sioni haya kujisifu. Lakini masomo hayo nusura yaishie shule ya msingi, kwa ajili ya sombe.

Shule ilikuwa ya Wakatoliki, sisi ni Waislamu. Papa, baba yangu, fundi cherehani wa Birere, alinipeleka pale kwa kuwa walifundisha vizuri, akaniwekea sharti: "Siku nguruwe itaingia mu kinywa yako, masomo imeisha." Na sombe ya shule ilipikwa pamoja na nyama ya nguruwe.

Nilimweleza mpishi, Mama Kavira, mama wa Butembo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akasema mambo hayo anayajua, hata wao Ijumaa za Kwaresima hawali nyama. Akachukua kijiko, akachambua na kutoa vipande vya nguruwe kimoja kimoja, akanisukumia sahani ya sombe inayong'aa mafuta.

"Nyama nimetosha yote. Kula, mutoto."

Sikula, wala siku zilizofuata. Wenzangu wakanibatiza Padri wa Njaa. Mchana herufi zilicheza ubaoni, maksi zikaporomoka, na Papa akaanza kusema heri nikae kwenye cherehani kuliko kupoteza miaka. Mama Kavira naye aliona namdharau. Jioni moja akaja kwetu kunishtaki kwamba nina kiburi.

Mama yangu hakubishana. Alimmiminia chai, akamweleza kwamba kwetu si kipande tu: mchuzi, mafuta, hata mwiko uliokoroga, vyote vimeshakuwa nguruwe. Mama Kavira aliweka kikombe chini. Kisha akamgeukia Papa.

"Kumbe nilikuwa napatia mutoto wa watu nguruwe kila siku. Papa, usimutoshe ku masomo. Sufuria ni kazi yangu."

Jumatatu alikuja na sufuria mpya na mwiko wake, akaifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio. Sombe yangu ikapikwa kwa mawese na karanga. Aliwatangazia wapishi wenzake kwamba atakayeleta mwiko wa sufuria ya nguruwe kwenye sufuria hii, atakorogwa yeye. Punde wale walionibatiza wakawa wanapanga mstari kwenye sufuria ya Padri wa Njaa, kwa sababu karanga ni karanga.

Diploma yangu ilianzia hapo.

Kwaresima hii, siku ya Ijumaa, nilimwalika Mama Kavira kwangu. Sasa anatembea na fimbo, sauti haijazeeka. Nilipoingia jikoni, nilimkuta binti yangu anapakua sombe yenye nyama ya mbuzi. Nikamwambia mgeni wetu leo hali nyama. Mtoto huyu, ambaye simu yake inajua dini zote za dunia, akajibu hakuna shida, akachukua kijiko, akaanza kuchambua vipande.

Mama Kavira, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta.

Enzi zetu watu walikosea vivyo hivyo. Lakini aliyekosea alitembea mpaka nyumbani kwako, akaketi, akanywa chai, akaelewa. Siku hizi majirani wanajuana kwa vioo vya simu, na sahani inarudi jikoni bila mtu kuuliza kwa nini.

Nilivua koti langu la mukubwa, nikatoa sufuria ambayo nyama haijaigusa, nikamkaangia mwenyewe sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikamwekea mbele yake.

"Kula, mama. Hata mwiko ni mupya."