Swaliki na Mkanda wa Juliet

Kwa miaka ishirini na saba, harusi ya Busia upande wa Uganda haikuhesabiwa kuwa harusi mpaka Swaliki awepo na kamera yake begani. Baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuja, aliyeoa akatulia mtaa wa Sofia, na wengi walidhani kijana atarithi usukani. Lakini Swaliki alishika kamera akiwa na miaka ishirini na miwili na hakuiweka chini tena. Aliwapiga picha Waislamu kwenye nikahi zao, akawapiga Wasamia makanisani na matangani, akavuka mpaka kwa Wakenya, akaitwa mpaka Tororo na Petta. Jina lake likawa Swaliki Picha, naye akalipenda.

Walimlaumu kwa jambo moja tu, sauti. Baba wa bibi harusi angeweza kusema maneno ya kutoa watu machozi, na kwenye mkanda yakasikika kama yanatoka ndani ya kisima, kwa sababu Swaliki hakujali kipaza sauti kimewekwa wapi. Ukimwambia, alicheka.

"Sauti ni ya redio," alisema. "Mimi nauza macho."

Kisha simu zikaja, na kila mgeni harusini akawa mpiga picha. Swaliki akabaki na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, deki moja kuukuu na kompyuta iliyochoka. Kazi yake ikawa kuihamisha mikanda ya zamani iingie kwenye flashi, kabla joto na ukungu havijaimaliza. Mingi ya mikanda hiyo alikuwa ameipiga mwenyewe.

Jumanne moja ya mvua akaja mama mmoja mzee wa Masaba, jina lake Nasirumbi, ameshikwa mkono na mpwa wake Daphine. Alikuwa amebeba mkanda, kauviringa kwa kitambaa cha meza, kisha kauingiza kwenye mfuko wa nailoni. Swaliki alipoufungua aliukuta mwandiko wake mwenyewe: Juliet, Tororo, 1999.

"Baba Jamil, ni wewe ulipiga hii," Nasirumbi alisema, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ni mimi, Mama Juliet. Nakumbuka sana."

Alikumbuka kweli. Juliet alikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chao kumaliza chuo cha ualimu. Siku ya sherehe alisimama mbele ya wageni, amevaa gauni la njano, akamgeukia mama yake akaongea naye kwa muda mrefu mbele ya watu wote.

"Alikufa miaka minne baadaye," mama alisema. "Uzazi. Yeye na mtoto. Deki yetu ilikufa pia, na tangu wakati ule sijamsikia. Niwekee kwa kile kitu kidogo, Daphine anichezee kwa redio yake."

"Usijali, mama. Picha nitakutolea safi kama maji ya chemchemi."

Daphine alimwangalia shangazi yake, akataka kusema kitu. Swaliki alikuwa tayari ameugeuza mkanda kwenye mwanga, anatafuta ukungu. Maisha yake yote alikula kwa macho, na asubuhi ile hakuyaangalia macho ya mama aliyekaa mbele yake.

Kesho yake aliusafisha mkanda, akautia kwenye deki, akawasha kompyuta. Ulikuwa mkanda wa urefu wa saa tatu, na diski ilikuwa imejaa harusi ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Programu ya kurekodi ikamuuliza, kama inavyouliza siku zote: sauti iingie nzima, au ibanwe papo hapo wakati picha inaingia, ichukue nafasi ndogo?

Swaliki aliijua kanuni. Unarekodi kwanza kitu kikiwa kizima, kubana utabana baadaye, ukiwa na nakala. Ukiibana sauti wakati ule ule inapoingia, kinachotupwa kimetupwa, hakuna pa kukiokota. Lakini nafasi ilikuwa ndogo. Angeweza kuihamisha ile harusi, ila ingemla asubuhi nzima. Angeweza kuipunguza picha, na hilo hakutaka hata kulifikiria. Akachagua kuibana sauti.

Kompyuta ikaanza kuhema. Kufanya kazi mbili kwa pamoja kuliishinda, na picha zikawa zinaruka: Juliet anainua mkono, mara mkono uko chini. Swaliki akasimamisha, akarudisha nyuma, akaibana sauti zaidi ili mzigo wa kompyuta upungue. Picha bado zikaruka. Akaibana tena, mpaka mahali pa mwisho kabisa, kiwango cha simu mbovu, ndipo gauni la njano likatulia kwenye kioo bila kutikisika. Spika za masikioni zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari. Hakuzigusa.

"Ikiwa mbaya nitarudia," alijisemea.

Mkanda ulipokwisha aliurudisha mwanzo. Katikati ya kurudi deki ikatoa mlio kama wa nguo inayopasuka. Alipoifungua, utepe ulikuwa umekunjamana kwenye magurudumu, umekatika mahali pengi, na weusi wake ulimbandukia vidoleni kama kutu. Alijaribu kuunyoosha kwa kijiti cha kiberiti, nao ukazidi kukatika. Ndipo alipozichukua zile spika na kusikiliza.

Aliyemsikia hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ya kitu kinachobubujika ndani ya debe, huku kinakwaruza. Mara neno moja linakaribia kutoka, kisha linamezwa. Makofi na maneno vilikuwa uji mmoja.

Mama Juliet aliporudi, Swaliki hakumwambia. Aliwaza kwamba akimwona mtoto wake mzuri namna ile, mengine yatapita. Akawaketisha, akakigeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea.

"Tazama lile gauni, mama. Tazama anavyocheka."

Nasirumbi alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio mbele.

"Mzee," Daphine alisema polepole, "shangazi haoni. Presha ya macho. Huu mwaka wa sita."

Swaliki alitaka kuzima, lakini Juliet alikuwa ameanza. Ile sauti ya debe ikajaa chumba. Mama alisikiliza dakika nzima bila kusogea.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni yeye, mama. Ni Juliet."

"Hapana. Mimi nilimzaa. Huyu si Juliet."

"Sauti imeharibika kidogo."

"Basi rudia."

Swaliki alimwangalia Daphine, akaangalia deki. "Mkanda umekatika, Mama Juliet."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama alinyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Wewe ulikuwa pale, Baba Jamil. Ulisimama karibu naye kuliko mimi. Mimi nililia, mengi hayakuingia. Niambie wewe. Alisema nini?"

Swaliki alifungua kinywa. Alikumbuka gauni. Alikumbuka jasho juu ya mdomo wa msichana, na jua lilivyomwangukia begani, na jinsi yeye alivyopiga goti ili ampate vizuri. Alitafuta neno moja. Hakupata hata moja.

"Alikushukuru," alisema mwishowe.

"Kila mtoto anashukuru," mama alisema, akauachia mkono wake. Daphine akaichukua flashi, wakatoka kwenye mvua.

Swaliki hakupata usingizi mzuri baada ya hapo. Mke wake Zubaida alimwambia, "Si wewe uliyemuua." Aliupeleka utepe Tororo kwa fundi Emoit, ambaye aliunganisha vipande viwili, wakasikiliza pamoja: makofi, kikohozi, kiti kinaburutwa. Kuhusu faili, Emoit alitikisa kichwa. "Kilichobanwa namna hii hakifunguki. Hakimo humu, Swaliki. Ulikitupa kikiwa mlangoni." Swaliki akamtafuta mwalimu Okware, aliyekuwa msema chochote, yaani mwongoza sherehe, siku ile. Mzee alikumbuka wali na ng'ombe aliyechinjwa.

Baada ya mwezi mmoja Swaliki akapanda bodaboda kwenda Masaba. Alimkuta Nasirumbi uani, anamenya mihogo kwa kupapasa.

"Mulembe, Mama Juliet."

"Mulembe." Alimtambua mara moja. "Kaa."

Swaliki hakukaa. Alimweleza yote, akiwa amesimama: nafasi kwenye diski, picha zilizoruka, jinsi alivyoibana sauti mara tatu bila kuisikiliza. "Mkanda ulikatika wenyewe," alisema, "lakini sauti niliikata mimi. Naomba unisamehe."

Mama alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho.

"Nitakuambia kitu," alisema. "Miaka yote hii, hata bila mkanda, nilikuwa nalala chali, natulia, na mtoto wangu ananiita. Mama. Vile vile alivyokuwa anaita. Nilikuwa naye kichwani. Nilileta mkanda kwa tamaa tu, nilitaka zaidi. Sasa nikilala nikimngoja, anakuja yule wa kwako. Yule wa debe. Amemfukuza mwenzake."

"Mama…"

"Nikusamehe, nitakusamehe, nakwenda kanisani. Lakini nenda, Baba Jamil. Sauti yako pia inamleta yule wa debe."

Daphine alimsindikiza mpaka barabarani. Swaliki alimwomba aifiche ile flashi, au aitupe chooni kabisa, mama aisahau.

"Tuliificha," Daphine alisema. "Alilia siku mbili, hakula. Anasema ni mbaya, lakini ni yeye peke yake aliyebaki. Kila jioni ananiambia nimwekee."

Swaliki alipanda bodaboda akarudi Busia.