Dirisha la Chumba Kikavu

Pikapu imeshaanza kutembea, na Joakim Ndunguru bado ameshika kamba. Nyuma, juu ya magunia matupu, limelazwa tangi la kupandisha umeme la mashine ya eksirei ya kituo kimoja cha afya jirani na Lituhi.

"Baba Restituta, achia! Au tukufunge na wewe?" dereva Sixbert anamtania.

"Ingekuwa yako ungeachia?"

Anaachia.

Joakim, 54, ameitunza mashine hiyo miaka kumi na tisa. Ndani yake umeme hupanda hadi volti elfu themanini ndipo picha itoke. Umeme wa namna hiyo hautaki unyevu wala uchafu. Ukipata kinjia, unaruka. Kwa hiyo feni ilizunguka mchana kutwa, na kila waya aliufuta kwa spiriti. Chumba kikawa kikavu kuliko vyote kandokando ya ziwa.

Watu nao wakakijua. Masika, kanisa lilileta vitambaa vya altare vikauke. Machi hii, kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, walipanda kama moshi. Akina mama wakawanasa kwa vikapu, wakawakanda kuwa mikate. Muuguzi Gertruda akaja na yake.

"Kaka, siku mbili tu. Nje mvua haikatiki."

"Weka dirishani, dada. Na mimi unikatie kipande."

Siku ya tatu aliletwa Tobias, mvuvi aliyeanguka kutoka juu ya paa. Kifua kilimbana, pumzi haiji. Joakim akabonyeza kitufe cha kupiga picha. Kikalia kishindo kama fimbo ikivunjika, chumba kikanuka mabawa yaliyoungua.

"Bila picha, daktari hakujua atoboe kifua upande gani kutoa hewa," anasema Joakim. "Nilipofungua mashine nilikuta mabawa ya kungu yamejaa kwenye vichwa vya nyaya. Feni yangu ndiyo iliyoyapeleka. Gertruda analia, eti ni mikate yake. Namwambia, dada, dirisha lilikuwa langu."

Siku hiyo ya pikapu ilikuwa Aprili.

Tobias alikuwa ameshafia njiani akipelekwa hospitali ya Mbinga, kabla ya kufika Litumbandyosi. Mkewe, Emerensiana, amerudi kwao Ukata na watoto watatu. Gertruda aliomba uhamisho, akapewa. Tangi halikutengenezeka, liko stoo mjini. Joakim anaandika kadi mapokezi. Chumba chake sasa ni stoo ya vyandarua. Kila asubuhi hupita kutazama kama dirisha limefungwa.