Katuni za Babu

Enzi hizi za ruksa, katuni zimetufikia hata Kyela. Jumamosi nilizikuta Ngonga, kwa mama muuza mchele aliyejinunulia televisheni. Watoto walijaa sebuleni. Mara babu wa nyumba hiyo, baba mkwe wa mama huyo, akaingia, akakalia kiti cha mbele. Kwa mila yetu, mke hakai chumba kimoja na baba mkwe. Mwenye televisheni akatoka mbio, mvua inanyesha!

Picha ikachafuka.

“Mwambieni mama yenu azungushe antena,” babu akaagiza.

Mama akauzungusha mlingoti huko nje, akalowa chapachapa. Picha ikatulia.

“Ndaga fijo,” babu akashukuru, macho kwenye katuni.

Nikatoka kumsaidia mama.

“Wanacheka nini humo?” akaniuliza.

Jamani! Mila imemkataza mama kuingia. Ni mila gani iliyomkataza babu kutoka?