Mbegu za Mama Mkawasi

Iko siku moja ambayo huwa naikumbuka kila nikiinua macho juu ya moshi wa jikoni, mwanangu, na nikiikumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu. Ndiyo siku niliyopika mbegu. Si mahindi ya chakula. Mbegu. Na hazikuwa zangu.

Ninaandika kwa sababu nimesikia huko Voi mjini mko vijana mnaohesabu siku za kurudi kwa Bwana. Binti mmoja wa kanisa letu ameacha chuo cha ualimu, na ulikuwa umebaki muhula mmoja tu. Anasema Bwana yu karibu, hicho cheti atamwonyesha nani? Mama yake amekuja kwangu akilia. Nikamwambia nyamaza, niletee kalamu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo msihangaike kutafuta makosa ya herufi. Tafuteni yale makosa yangu makubwa, yako hapa chini, sijayaficha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni mke mchanga hapa Wusi, nina mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo ndiye leo mnamwita Mzee Mwakio na mnamwamkia kwa kuinama. Babu yenu alikuwa kibarua wa reli huko Voi, nyumbani tunamwona mwisho wa mwezi. Shamba tulililima wawili, mimi na mama yake, Mama Mkawasi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, basi akitembea alikuwa kama mtu anayesalimia watu kila hatua. Kusoma hakujua. Alibatizwa uzeeni, lakini neno likishasomwa kanisani mara moja, yeye hulibeba kichwani mpaka nyumbani bila kumwaga.

Sasa sikia habari ya zile mbegu. Juu ya mafiga ya Mama Mkawasi, pale moshi unapopanda, kulikuwa na mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, mawili mawili, yananing'inia kwenye fito. Nje meusi kwa masizi, ukifunua ndani punje nyeupe, pana kama meno ya ng'ombe. Alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Watu wa Wusi wakiharibikiwa na mbegu walikuja kwake. Mtoto akilia njaa atapewa kiazi, atapewa ndizi, atatumwa hata kwa jirani akaombe, lakini yale mahindi ya juu hayashushwi. Sisi Wadawida wa huku milimani hilo hatufundishwi. Tunazaliwa tunalikuta.

Mwaka ule akatujia mhubiri, Mwalimu Zakaria, mtu wa magharibi ya nchi. Alikuwa fundi wa reli akaacha kazi. Alipanda milima kwa miguu, Biblia yake imefungwa kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa. Na hofu ilikuwa nyingi wakati ule. Nchi iko kwenye Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, malori yanapita Voi yamejaa watu waliofungwa, askari wanauliza vipande vya utambulisho. Babu yenu alitusimulia kila alipokuja. Zakaria akatwambia hayo yote yameandikwa. Akatandika mkeka, akachukua maharagwe, akayapanga akihesabu majuma ya nabii Danieli, haragwe moja juma moja. Akaondoa, akaongeza, akafika kwenye Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba. Alisema siku hiyo dunia itamwagiwa ghadhabu, na waamini watafichwa juu ya mwamba ulio juu ya kijiji chetu, kama Nuhu ndani ya safina, unywele wao hautaguswa.

Nisimsingizie. Zakaria hakutuomba kitu. Alilala kwenye majani kama sisi na aliamini alichosema. Ila kila jioni alirudia swali moja: "Anayetunza mbegu, anatunzia mwaka gani?"

Lile swali liliniingia. Lakini nikwambie kweli, mwanangu, halikuingia kwa mlango wa imani. Liliingia kwa mlango wa kiburi. Kwenye kundi letu la watu tisa, mwanamke aliyejua kusoma ni mimi peke yangu. Zakaria akitaja mstari, mimi ndiye ninasimama kuusoma. Nilipenda kusimama. Nilipenda kusikia wakisema, "Dada Wakesho ana imani." Basi nikatafuta jambo la kufanya ambalo hakuna mwingine angethubutu.

Mama Mkawasi alikuwa ameenda Mata kwa binti yake aliyejifungua. Nikageuza kinu, nikapanda juu yake, nikazishusha mbegu zote. Nilizipukuchua nikiimba. Nikapika pure, mahindi na maharagwe pamoja, sufuria ile kubwa ya harusini. Na mahindi yaliyokaushwa na moshi hayaivi upesi. Nilichochea moto tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Nilikuwa na muda wote ule wa kujuta na sikujuta hata kidogo. Wenzangu walikula wakasifu, wakasema pure hii ina utamu wa moshi. Zakaria aliniwekea mkono kichwani akasema, "Huyu amefunga mlango wa dunia nyuma yake." Nikajiona nimekuwa mrefu kuliko mlima Vuria.

Mama Mkawasi alirudi Jumatatu. Aliweka kikapu chini, akaketi, akanyosha ule mguu, akainua macho kama alivyozoea. Akaona fito tupu.

"Wakesho, panya?"

"Hapana, Mama."

"Mwizi?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Umepanda? Mvua haijaja."

"Nimezipika. Kwa kazi ya Bwana. Alhamisi hatutakuwa hapa, Mama. Twende wote mwambani ufichwe."

Akautazama mguu wake. "Mimi huyu nipande mwamba?"

Na hapa, mwanangu, ndipo kalamu inapokuwa nzito. Nilimjibu, "Asiyepanda ataachwa." Nilimwambia hivyo mama aliyenishika kiuno siku mbili nikiwa na uchungu wa kumzaa mjukuu wake, asile wala asilale. Nilisema kwa sauti ile ninayosomea mistari.

Alikigeuza kikapu, zikamwagika ndizi alizotubebea kutoka Mata, akatoka nacho kitupu. Nilidhani anaenda kunishtaki kwa wazee. Nikasema moyoni, waache, Alhamisi inakuja.

Alhamisi ikaja. Tukapanda alfajiri, watu tisa na mtoto wangu, tumevaa nguo safi. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Huko chini tambarare yote ya Voi ilikuwa nyekundu kwa ukavu, na moshi wa gari la moshi la Taveta unatambaa kama siku yoyote. Mchana wingu likainuka kutoka upande wa pwani, jeusi. Zakaria akasimama, akainua mikono, akalia, "Ndilo! Ndilo hilo!" Tukaanguka kifudifudi. Upepo ukaja, kukanguruma, na mimi nikamfunika mtoto kwa mwili wangu nikingoja tarumbeta.

Ilikuwa mvua. Mvua ya kupanda, ile tuliyoililia miezi mitatu.

Tulilala kifudifudi tukilowa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua kichwa. Mtoto ndiye aliyeanza kucheka, anapiga maji kwa viganja. Nikainuka. Na kutoka pale juu nikaona Wusi yote imetoka mashambani. Kila mteremko una watu wameinama, majembe yanapanda na kushuka, wanaitana, wanacheka, maana ardhi ikilowa namna ile hungoji kesho. Nikalitafuta shamba letu. Nilijua nitaliona tupu.

Halikuwa tupu. Palikuwa na mtu mmoja mdogo, amejifunika gunia kichwani. Anachimba shimo, anadondosha, anafukia kwa kisigino. Anasogea. Na kila akisogea ni kama anasalimia mtu.

Nilishuka. Sikuaga. Njia ya kushuka inapita katikati ya mashamba ya watu, haina kichochoro cha kujificha, na Mghoi, mke wa jirani, aliniona kutoka mbali.

"Wakesho! Umerudi? Huko juu kumejaa?"

"Mwache," mwingine akadakia, "amesahau mwiko wa pure."

"Na hayo matope kwenye gauni, shemeji, ni ya mbinguni ama ya hapa hapa?"

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Na hao ndio niliokuwa nikiwaita waliopotea, wiki nzima. Nikapita nimeinamisha kichwa, mtoto mgongoni anawapungia mkono.

Nilipofika shambani nilichungulia ndani ya kikapu cha Mama Mkawasi. Mlikuwa na mahindi ya kila namna. Manjano, mekundu, meupe madogo, mengine yana madoa. Nikaelewa alikokwenda tangu Jumatatu. Alipita mlango kwa mlango na mguu ule, yeye aliyekuwa akiombwa mbegu na kijiji kizima, akaomba. Kiganja hapa, kiganja pale. Hata kwa Mghoi. Walimpa bila kuuliza, na wote walijua kwa nini anaomba.

Nilipiga magoti kwenye tope. "Mama, nisamehe."

"Mvua haingoji," alisema. "Shika mstari ule."

Tulipanda mpaka giza likatukataza. Kesho yake tukamalizia. Ni katikati ya kazi, wala hakunyanyua mgongo, ndipo aliponiambia.

"Wewe unasoma, mimi nasikia tu. Bwana alisema kuhusu siku ile, watu wawili watakuwa wapi?"

"Shambani, Mama. Mmoja atwaliwe, mmoja aachwe."

"Na wale wanawake wawili?"

"Wanasaga."

"Hata yule atakayetwaliwa alikuwa anasaga?"

"Alikuwa anasaga, Mama."

"Basi. Hakuna aliyekuwa juu ya mwamba." Akadondosha punje, akafukia. "Nawe ulisoma hayo ukiwa umesimama."

Hakuwahi kunipiga. Afadhali angenipiga.

Lakini usidhani yaliishia hapo. Sisi huku tunajua kwamba hasira ya mzazi ikikaa kifuani inaumiza nyumba, hata kama mzazi mwenyewe hataki iumize. Mama Mkawasi alisema nami vizuri, alimbeba mtoto, lakini chakula changu hakula. Alijipikia kiazi chake kimoja kwenye jivu. Miezi mitatu, mwanangu. Kila siku nampakulia, kila siku sahani inarudi. Nilianza kuogopa kuliko nilivyoogopa ile Alhamisi. Nilisema, huyu mama akifa na jambo hili kifuani, nitasimama wapi mbele ya Mungu? Nitamwambia nilikuwa nakungoja Wewe?

Mahindi yalikomaa. Shamba letu lilikuwa kichekesho, huku marefu huku mafupi, haya yamekomaa yale bado yana maziwa, maana kila mbegu ina tabia ya nyumba yake. Hatukushiba sana mwaka ule lakini hatukulala njaa. Nilichoma mahindi ya kwanza, nikampelekea, nikaweka chini, nikasimama mbali.

Aliomba maji. Akajaza kinywa, akatoka mlangoni akatazama mlima, akayapuliza hewani yakatawanyika. Ndiko kutasa kwetu, kuitoa hasira nje ya moyo. Wazee walitumia pombe ya miwa, yeye kwa kuwa ni mkristo alitumia maji matupu. Akasema, "Mungu, kama kuna neno nimemshikia huyu mtoto, nalitema. Lisiwe na pa kukaa." Akapuliza tena, mara hii yakanigusa usoni. Kisha akaketi, akala hindi langu mpaka gunzi. Nililia kama mtu aliyefiwa.

Zile mbegu zake nyeupe hazikurudi. Watu waliowahi kuzichukua walikuwa wameshazichanganya na nyingine. Nimezitafuta Mwatate, Wundanyi, Voi, kila soko ninamopita nafunua maganda, wauzaji wananiona mwendawazimu. Miaka yote hii. Kilichopita mikono ya mama wale wote, mimi nilikimaliza kwa mlo mmoja wa mchana ili nisifiwe. Mimi ni bibi mwenye majivuno, mnanijua, najivunia watoto wangu na mahindi yangu, lakini hilo likitajwa nainamisha kichwa.

Sasa nasaha, mwanangu, na wewe binti wa chuo, sikia. Mimi naamini Bwana anakuja. Sijaacha kuamini hata siku moja, na kila nikiona wingu jeusi moyo hunipiga. Wala usidhani nakucheka, Mghoi alinicheka vya kutosha. Ila mtu akikutajia siku, muulize kwanza anataka ukaache nini, na nani atakayelala njaa ukishaacha. Imani inayokufanya umwambie mama yako "utaachwa" kwa sauti tamu, hiyo irudishe ilikotoka. Mungu anawalinda walio wake, hilo nimeliona kwa macho. Nilingoja anifiche kwa wingu. Alinificha ndani ya kikapu cha mama kilema, kwa viganja vya watu niliowahesabu kuwa wamepotea. Rudi darasani. Akija akukute na chaki mkononi, na watoto mbele yako, hutahitaji kumweleza kitu.

Na ukiona aibu kurudi, ile njia naijua. Inapita katikati ya mashamba ya watu na watacheka. Pita tu. Juu ya mafiga yangu mahindi yananing'inia sasa hivi ninapoandika, ya rangi zote, na mtu yeyote atakayeshuka kutoka mwamba wowote atapata kiganja, sitamuuliza.

Nimejaza maji kinywani, mwanangu, nimesimama mlangoni nikitazama huko Voi mliko. Hakuna neno nililowashikia. Mungu awakute mmeinama kazini, na awe ndiye atakayewanyosha migongo.